Pantaleo Bujiku, Tarishi wa Milango Miwili

Tarehe 31 Desemba 1956 Mzee Pantaleo Bujiku anastaafu utarishi wa Baraza la Utemi wa Nyabusenge, baada ya miaka ishirini na tano. Chumba cha Mtemi Mageni na cha Athanas, Katikiro wake, yaani waziri mkuu, vinatazamana, hatua saba kuvuka baraza iliyo katikati. Kwa hesabu zangu, hatua hizo zikijumlishwa, Pantaleo amekwisha kufika Tabora mara kadhaa bila kutoka ofisini.

Mwaka 1949, ule wa ukame, wageni walimwamkia Katikiro kabla ya Mtemi. Basi, Mtemi akanuna. Tangu hapo viongozi wetu walisemezana kwa miguu ya Pantaleo tu. Mmoja akifoka “Mwambie huyo!”, huyo anasikia vizuri kabisa, ila humngoja Pantaleo avuke ndipo akasirike.

Maji yakabaki katika lambo moja, nalo limefungwa kwa amri. Kulifungua kulitaka kibali chenye muhuri. Muhuri hukaa kwa Mtemi, wino kwa Katikiro. Uliwekwa utaratibu huo ili asitawale mmoja peke yake.

“Mwambie alete wino.”

“Mwambie alete muhuri.”

Siku tatu hivyo, na ng'ombe tisa wamekufa kwenye ua wa lambo. Siku ya nne akaja Bernadina, mjane. Ng'ombe wake mmoja tu, mwenye ndama, amelala chini hainuki.

Pantaleo akavua kofia, akaketi katikati ya baraza, jambo ambalo sisi makarani hatukuwahi kuliona saa za kazi.

“Wazee wangu, shikamooni. Miguu imegoma. Semezaneni wenyewe.”

Nilisali Baba Yetu nzima, nikaanza ya pili. Mtemi akatoka na muhuri. Katikiro akatoka na wino. Kuingia chumbani kwa mwenzake hakuna aliyekubali, na barazani hapana meza. Pantaleo akainama. Kibali kikawekwa mgongoni pake, Mtemi akamkabidhi Katikiro muhuri agonge.

“Bonyeza vizuri, Katikiro,” akasema Mtemi.

“Nabonyeza, Mtemi.”

Yalikuwa maneno yao ya kwanza kwa miezi miwili. Pantaleo akakimbia nacho lamboni kabla wino haujakauka. Ng'ombe wa Bernadina alinyweshwa kwa kibuyu, akasimama jioni.

Ahsante, Mzee Pantaleo. Mungu akujalie uzee mwema, nyumbani ambako mtu akimtaka mwenzake, anamwita mwenyewe.