Mzee Bartholomeo Kalinga, Aliyetazama Miguu ya Kuku

Mzee Bartholomeo Kalinga alizaliwa tarehe 12 Mei 1958 huko Kilolo, mtoto wa tatu wa Mzee Aroni na Bibi Damari. Alimaliza darasa la saba mwaka 1974. Tarehe 6 Novemba 1982 alifunga ndoa na Paskalina, kanisani Tosamaganga.

Mwaka 2008 alipata kazi Mbeya, kwenye kituo cha utafiti wa mifugo. Alitembeza kuku kwenye mkanda unaozunguka, huku mashine mbili za eksirei zikichukua video kutoka pande mbili, wataalamu waone mifupa inavyocheza ndani ya mwili na wajue kwa nini kuku wa nyama hulemaa miguu. Kuku hakubali mkanda mpaka azoeshwe. Marehemu aliwazoesha kwa chenga za mahindi, kila mmoja akimwita "mama". Majirani walimtania, "Mzee Kalinga anafundisha kuku kutembea." Naye alijibu, "Njoo na wewe, nafasi ipo." Binti yake wa mwisho, Eveline, aliona aibu. Ukweni alisema baba yake anapiga eksirei hospitalini.

Alipostaafu mwaka 2020 alikwenda kumwona mjukuu wake Tumpe, mtoto wa Eveline, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kutembea. Alimtazama akivuka uani mara tatu. Akasema, "Eve mwanangu, nyonga ya kushoto haijakaa. Mpeleke hospitali." Mama mkwe wa Eveline alikuwa amekaa palepale. Eveline akajibu, "Baba, mtoto wangu si kuku." Marehemu alimalizia chai yake.

Miezi kumi baadaye daktari alionyesha kwenye picha nyonga ileile ya kushoto. Tumpe alipasuliwa, akakaa kwenye plasta ngumu wiki kumi na mbili. Angeletwa mapema, daktari alisema, pengine kisu kisingehitajika. Marehemu alikuja na mayai ya mgonjwa. Hakusema, "Si nilikwambia."

Machi 2024 aliugua figo. Siku moja alimwomba Tumpe atembee kutoka mlangoni hadi kitandani. "Sasa imekaa," alisema. Eveline alitaka kuomba msamaha. Kilichomtoka ni, "Baba, uji unapoa." Alifariki tarehe 17 Agosti 2024, saa nne asubuhi.

Ameacha mjane, watoto wanne na wajukuu tisa. Wakwe zangu mliopo hapa, ni mimi Eveline ninayesoma: Mzee Kalinga hakufanya kazi hospitalini. Alitembeza kuku, na Tumpe amepanda mlima huu wa makaburi kwa miguu yake.

Baba, uliona sawasawa. Pumzika kwa amani.