Sweta Nililoligawa Mwezi wa Saba

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mmezoea kunisikia kwenye sauti ya pili, nimejificha nyuma ya kina mama wa kwaya. Leo nasimama peke yangu.

Mlinisindikiza chuoni kwa maombi. Mkanifungia viazi na karoti za Malindi yetu hii ya Lushoto, mkaniita mwalimu kabla sijaanza hata kipindi kimoja. Nilikuwa mwaka wa pili giza liliponiingia. Chakula kikawa hakipiti. Nalala bila usingizi, naamka bila nguvu. Nikapata sapu, mtihani wa kurudia, lakini msiseme ni sapu, giza lilitangulia. Nilijiona mzigo kwenu nyote. Na bado, nikiulizwa habari, nasema nzuri! Tumelelewa hivyo. Hata mwenye msiba huanza na "nzuri", ndipo aseme "ila". Mimi ile "ila" nilikuwa naimeza.

Nikaamua kufa. Nalisema mbele ya madhabahu, kwa sababu kunyamaza kulikaribia kuniua.

Nikaanza kugawa vitu vyangu. Sweta langu zito, alilonifumia mama, nikampa Zaina, binti wa Kiislamu niliyelala naye chumba kimoja. Akafurahi, akalivaa palepale. Mwezi wa saba, ndugu zangu! Mnaujua ukungu wa Lushoto. Nani mwenye akili hugawa sweta mwezi wa saba?

Zaina akaenda nalo darasani, akarudi kabla kipindi hakijaisha. Chuoni kulikuwa na kikundi cha wanafunzi waliofundishwa na mshauri namna ya kumtambua mwenzao aliyekata tamaa. Mimi nilikiita kikundi cha umbea, na Zaina alikuwa humo. Akafunga mlango, akavua sweta, akaniwekea mapajani.

"Agnes, we unataka kujiua?"

Hivyo hivyo, bila kuzunguka! Kwetu neno hilo halitamkwi. Nikajibu, hapana, niko vizuri.

"Vizuri, ila?"

Ndugu zangu, nililia mpaka nikakosa pumzi. Zaina hakunihubiria. Alinisikiliza, kisha akaniongoza kwa mshauri, na kutoka hapo hospitali. Hakuniacha peke yangu hata kidogo. Mama akaja, akaniombea kwa Kishambaa hadi sauti ikamkauka.

Wengine humu mlisema sikuwa na imani. Nilisikia, na niliumia. Bwana alinitoa shimoni kwa mikono ya msichana wa Kiislamu na ya daktari. Mimi ni nani hata nimchagulie mikono?

Sitawadanganya kwamba giza limekwisha. Bado nameza dawa. Zipo asubuhi ambazo kuinuka tu ni vita. Lakini sasa nasema mapema, ile "ila" siimezi tena. Nimeingia kwenye kile kikundi nilichokicheka, tunabisha hodi hosteli kwa hosteli. Yupo mwenzetu mmoja tuliyechelewa kumfikia, bado namlilia.

Namshukuru Mungu niko hai. Sweta ndilo hili nimelivaa, na silitoi kwa mtu! Nawe uliyeketi hapo, uliyemjibu mchungaji "nzuri" pale mlangoni, mtegemee Bwana, lakini usimtegemee kimya kimya. Ibada ikiisha nitakuwa nje kwenye ngazi, mimi na Zaina. Njoo. Hatutakuhubiria. Tutakuuliza tu: ila?