Mama Estella, Aliyewapa Wawili Usingizi

Baada ya miaka ishirini na miwili ya kuwapokea wanawake wenye hofu, Mama Estella Nzeyimana anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu. Wafanyakazi wa Makao ya Rebeka tulikubaliana kwamba hakuna kulia kabla ya keki kukatwa. Mimi niliyepewa kazi ya kuandika haya ya ratiba ya kumuaga tayari nimevunja makubaliano.

Alifika Durban kutoka Burundi akiwa na mtoto mgongoni, akauza mitumba karibu na bandari, kisha akaajiriwa hapa Overport kufua mashuka. Haukupita muda akawa mama mlezi wa nyumba: mtu wa kuwapokea waliokimbia vipigo, kuwapa kitanda na kuhakikisha hakuna anayewafuata. Hakuna kazi iliyomshinda isipokuwa wali. Wali wake tumeula kwa imani.

Sheria yake ilikuwa moja tu, hodi. Hapa hakuna anayeingia chumba cha mtu mpaka mwenye chumba mwenyewe aseme karibu, na asiposema, unarudi ulikotoka. Mfadhili mmoja aliwahi kusimama ukumbini na maua yake mpaka yakanyauka. Fundi bomba wetu, Fabien wa Pinetown, aliagizwa aimbe muda wote wa kazi ili kila mwanamke ajue yuko wapi. Siku hizi Fabien ni mwanakwaya hodari, na mabomba bado yanavuja.

Lakini huwezi kumweleza Mama Estella bila kumtaja Cathy.

Cathy ni msusi kutoka Kongo. Alipozaliwa aliandikwa mvulana, na tangu ujana anaishi kama mwanamke. Ni mwanamke aliyebadili jinsia. Miaka michache iliyopita alikamatwa kwa tatizo la kibali chake cha ukimbizi, na kwa kuwa karatasi zilisema ni mwanamume, akawekwa mahabusu pamoja na wanaume. Yaliyompata humo hayaandikiki kwenye ratiba ya sherehe. Alipoachiwa hakuwa na pa kwenda, maana waliomuumiza nao walikuwa wametoka na walijua anakoishi. Mama Estella alimpa kitanda siku hiyohiyo, katika bweni la wanawake wanne.

Hapo alikosea, na mwenyewe husema hivyo. Hakuwauliza wenye bweni. Antoinette, mama wa Bukavu ambaye mumewe alimvunja taya, alibeba blanketi lake akaenda kukaa jikoni. Alisema hana chuki na Cathy, ila akisikia sauti nzito nyuma ya pazia mwili wake unakataa kulala. Kisha akatamka neno lililomchoma mama mlezi kuliko tusi: “Mama, sheria ya hodi iko yako. Juu ya nini leo umesema ‘karibu’ kwa kinywa yetu?”

Wapo waliotaka Cathy atolewe, wapo waliotaka Antoinette anyamazishwe. Kamati ilikaa, ikamaliza chai yote, isiamue kitu. Mama Estella alikataa yote mawili. Aliomba radhi mbele ya nyumba nzima, kisha akahamisha godoro lake. Chumba cha mama mlezi ndicho pekee kilichokuwa na bafu lake na komeo la ndani. Akampa Cathy, yeye mwenyewe akalala chumba cha kupigia pasi kipupwe chote. Tulipomuuliza habari za mgongo alijibu: “Eish, mgongo itapona. Woga ndo dawa yake inakawia.”

Kamati iliona haya, ikatafuta fedha, na bweni likagawanywa kuwa vyumba vya mtu mmojammoja, kila kimoja na komeo lake. Wageni wakija, Mama Estella huwaonyesha yale makomeo kama bibi anayeonyesha wajukuu.

Tusidanganyane: wale wawili hawakuwa marafiki. Antoinette bado anaamini Cathy alistahili kutafutiwa nyumba nyingine, na hulisema waziwazi. Cathy bado huumia akilisikia. Mama Estella hakumlazimisha yeyote amkumbatie mwenzake. Alichokataa ni mmoja wao kurudishwa mikononi mwa waliomngoja, na walikuwa wakingoja kweli. Majira yaleyale watu walifika saluni wakimuulizia Cathy, na mume wa Antoinette alizunguka Overport na picha ya mkewe mkononi. Hakuna kati ya wanawake hao wawili aliyepatikana.

Leo Cathy anasuka Pinetown, Antoinette anashona sare za shule. Jumamosi wote watakuja kumuaga, na wameshaomba viti vya pande tofauti za ukumbi.

Mama Estella, asante. Tunakutakia uzee wa raha na afya tele. Nenda ukijua kwamba kila usiku unaombewa na wanawake wawili ambao hawajawahi kukubaliana juu ya jambo jingine lolote.