Meza Yangu Haikatwi

Sogeeni karibu, wanangu, nyote wawili, na wewe Bosi tia hiyo simu mfukoni, hayo makabati ya kwenye picha hayatakimbia kabla sijamaliza kufa. Mama yenu, kaa hapo miguuni pangu ushike kitanda, maana kina magurudumu na breki moja haishiki, kila anayeegemea kunijulia hali ananisafirisha mpaka ukutani. Nimezunguka na malori na meli, nimefungua injini katika miji ambayo hata maji ya kunywa nilikuwa naomba kwa vidole, na sasa safari zangu ndizo hizi, kutoka kabatini hadi dirishani, tena bila hiari. Cheka, Bisibisi binti yangu, cheka tu. Ukimaliza unisikilize, kwa sababu nina hasira, na hasira ya mgonjwa haichelewi kuishiwa pumzi.

Nimewasikia. Mlidhani mzee kalala. Ukuta huu wa chumba changu ndio ukuta wa gereji, najua hata nani kaangusha nati. Jana mchana mlikuwa mnapima meza yangu ya kazi kwa futi, wewe Bosi ukasema, "Upande wenye jiliwa la kubania vyuma ni wangu, mimi ndiye mkubwa," na wewe Bisibisi ukamjibu, "Chukua, ila upande wako utabaki na miguu miwili, sijui utauegemeza kwenye kitambi?" Halafu, baada ya miezi ya kununiana, mkakubaliana jambo moja: msumeno uletwe. Nikasema moyoni, wanangu wamepatana, na wamepatana kunikata mimi.

Meza ile haikatwi. Nasema nikiwa na akili zangu, mama yenu shahidi, ingawa yeye amezitilia shaka akili hizo tangu anione. Niliijenga mle ndani kabla mlango haujatiwa, kwa mbao nene za bodi ya lori lililokuwa limechoka kama nilivyochoka mimi leo, na miguu yake nikaifunga sakafuni kwa bolti, kwa sababu meza ya kazi ikitikisika hata kidogo, tupa unayosugulia inakwenda kushoto, wewe unakwenda kulia, na chuma cha mteja kinabaki kwenye jiliwa kinawashangaa. Ndiyo maana haitoki mlangoni. Sikusahau kupima, kama mjomba wenu anavyosimulia kila harusini, nilitaka isitoke.

Na kimo chake nilikipima kwa mwili wangu: nilisimama wima, nikaachia mkono uning'inie, na pale kifundo cha mkono kilipofika ndipo meza ikaishia. Mimi ni mfupi, hilo halina siri, nimeota mvi na bado watu wanagonga mlango wananiuliza baba yuko wapi. Bisibisi umenirithi, meza inakukaa kama nguo ya kushonesha. Bosi umerithi wajomba zako, ukiiinamia unapinda kama mkono wa kikombe, jioni mgongo unakuuma na lawama zote unaipa meza. Inua jiliwa kwa gogo la mbao chini yake, mwanangu. Gogo. Si msumeno.

Sasa hilo kabati lako jekundu la magurudumu. Nilikwambia tuongozane kulichagua, ukasema, "Baba, vitu vya siku hizi huvijui." Ukalipenda kwa kung'aa. Hukuvuta droo mpaka mwisho ukaikandamiza kwa mkono uone kama inalegea, hukuuliza kama ukifungua droo moja zile nyingine zinajizuia, hukuinama kutazama magurudumu, na magurudumu yenyewe ya plastiki, madogo kama vifungo vya shati, yakikuta waya sakafuni yanagoma kama punda. Nyundo na vyuma vizito ukavipanga juu ili usiiname, skrubu ukaziweka chini, ukavuta droo mbili za juu kwa pamoja, kabati zima likakusujudia. Hukukoma. Ukaliinua, ukaliacha bila breki juu ya sakafu ambayo mimi mwenyewe niliimwaga kwa mteremko ili maji na mafuta yaende kwenye mfereji, nalo likaenda, polepole, kwa adabu zote, mpaka likabusu mlango wa gari ambalo dada yako alikuwa ndiyo kwanza ametoka kulipaka rangi.

Tangu hapo hamsemezani, isipokuwa jana kwa ajili ya msumeno. "Mama, mwambie mwanao anirudishie nyundo." "Mama, mwambie binti yako atafute kwake." Na mama yenu, na magoti yake hayo mabovu, anasimama katikati ya gereji akipeleka salamu za watu wanaotazamana usoni.

Usitabasamu, Bisibisi, nakuja kwako. Ulikwenda ukanunua kabati lako la kijivu, na hilo nakusifu: bati nene, magurudumu mapana ya mpira, mawili yanageuka na mawili yamenyooka, breki zinashika, vitu vizito chini. Umechagua kama fundi. Kisha ukatia kufuli. Kaka yako naye akatia kufuli. Mkavishusha vifaa vyangu ukutani, mkagawana kama watu wanaogombea nyama, kila mmoja akafungia vyake.

Mnajua kwa nini niliuchora ukuta ule. Kila spana, kila koleo, nyuma yake nilikipaka kivuli cheupe chenye umbo lake, na jioni hakuna aliyeruhusiwa kunawa mikono kabla kila kivuli hakijampata mwenyewe. Watu walinicheka, fundi gani huyu anachora picha kama mtoto wa chekechea. Lakini kivuli kikibaki kitupu, hata aliyekuja kuuliza njia anaona kwamba kuna spana imelala ndani ya gari la mtu. Droo iliyofungwa haisemi kitu.

Yule mkunga mliyemtengenezea gari alikuja kuniona juzi. Mlimpa kiti, mkamwamkia vizuri, hamkujua kabeba nini mkobani. Mlipotoka akaniwekea hii mkononi. Itazameni. Spana yangu. "Mzee," akasema, "ilikuwa inagonga humo chini ya boneti, nikadhani injini inakufa, nikaliacha gari njiani nikaenda kuzalisha kwa miguu. Mtoto hakunisubiri, bahati yake alikuwa anajua njia." Yeye alicheka, maana mama na mwana wazima. Mimi sikucheka. Tangu juzi nimelala na spana chini ya mto, inanichoma sikio, nikigeuka inanichoma shavu.

Msianze! Sitaki kujua imetoka kwenye droo ya nani. Nyamaza, Bosi. Na wewe.

Wosia wangu ni huu. Jengo ni la mama yenu, akiwaambia tokeni mnatoka, na hakuna wa kumuuliza sababu. Kazi ni yenu wote wawili, haina upande wa huyu na upande wa yule. Makufuli yatupwe. Vifaa virudi ukutani, kila kimoja kwenye kivuli chake. Kabati jekundu ling'olewe magurudumu, likae ukutani na matambara na skrubu, limetembea vya kutosha. La kijivu ndilo litakalozunguka kuifuata kazi, na ni la yeyote aliye chini ya gari. Siku mkitaka jingine mwende wote, mmoja avute droo, mwingine alisukume juu ya nyaya, mkikosana dukani mrudi mikono mitupu, mwende siku nyingine. Na meza... meza nimeshasema.

Ngojeni. Maji. Kidogo, mama, kidogo, nisije nikafa kwa kuzama na gereji iko mlango wa pili.

Sasa fungueni huo mlango wa gereji. Nipelekeni ndani. Kitanda ni chembamba, kinapita. Sitaki kufa na spana ya gereji chini ya mto, watu wa kuniosha watasema mzee alikuwa mwizi. Bosi shika kichwani, Bisibisi shika miguuni, mama yenu apumzike. Mteremko mnaujua, breki mnaijua. Mmoja akiachia naishia kwenye mfereji.

Lakini semezaneni. Si kwa mama. Wenyewe.

Umemwambiaje? "Taratibu, dada." Eeh. Sema tena, sikio hili lina alama ya spana... Na wewe mjibu. Haya.

Harufu hii. Mafuta na chuma. Mmeacha taa ya meza inawaka mchana... basi, leo iacheni.

Pale. Kivuli kile cha spana hii, juu ya jiliwa. Mkono haufiki. Niinueni. Wote wawili, kila mmoja kwapa lake... polepole, mimi si injini.

Radhi zangu mnazo, nyote, nzima, hazikukatwa. Mungu awape mikono isiyotetemeka. Awape wateja wanaorudi kuwasalimia. Na mama yenu... msimfanye tena... tarishi.

Imeshika msumari? Siioni vizuri. Niambieni.

Imeshika.

Basi naweni mikono, wanangu.