Sindano Niliyoisingizia

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asanteni. Itikieni kwa nguvu sasa hivi, maana nikimaliza sijui kama kuna atakayetaka kuniitikia.

Mnanifahamu. Mie ni Mama Baraka wa kwaya, sauti ya pili, nakaa nyumba ya tatu kutoka kwenye bomba la maji, hapa hapa Tandika. Mume wangu ni fundi wa kiwanda cha nguo. Mmeambiwa nitawaeleza jinsi Bwana alivyomponya binti yangu Upendo, na ndiye huyo pale mapajani kwa baba yake, anatafuna kona ya kitabu cha nyimbo. Mungu apewe sifa! Lakini jana, baada ya mazoezi, mzee wetu wa kanisa, Mzee Eliakimu, alinivuta pembeni akaniambia, "Mama Baraka, kesho sema kwa kifupi. Sema Bwana ameponya, inatosha. Mambo ya zahanati, na hasa ile njia iliyopita dawa, si ya kusemwa mbele ya madhabahu."

Mzee Eliakimu, shikamoo. Nakuheshimu kama baba yangu mzazi. Nitayasema yote. Nina hasira leo, na hasira yangu haienei katika maneno mafupi.

Ndugu zangu, miaka mitatu iliyopita nilisimama hapa hapa, nimejifunga kaniki, macho yamevimba. Nilikuwa nimetoka kumzika mwanangu wa kwanza, Baraka, ambaye jina lake mnaniita nalo mpaka leo. Alikuwa na miaka miwili na tayari anajua kuimba pambio moja, maneno yote yamepinda. Asubuhi ile aliamka na joto. Saa tano macho yakageuka juu, meno yakaumana, mikono ikakakamaa. Degedege.

Mama mkwe wangu alikuwa nasi, alikuja kutoka Masasi kumlea mjukuu. Alisema ile kauli ambayo kila mmoja wenu ameinyonya pamoja na maziwa: mtoto wa degedege hachomwi sindano, akichomwa anakufa. Sikubishana naye. Nibishane nini, wakati na mie nilijua hivyo kama ninavyolijua jina langu? Tukafunga mlango. Tukamfukiza kinyesi cha tembo. Mtoto anatafuta pumzi, sie tunamjazia moshi! Tukamwogesha majani. Akitulia tunasema Bwana asifiwe, akianza tena tunaongeza makaa. Mtu wa kusali aliitwa, akasali. Nami nilisali. Kusali hakukuwa kosa letu, ndugu zangu. Kosa letu ni kwamba tulisali mlango ukiwa umefungwa kwa komeo.

Saa kumi jioni alipokuwa hana nguvu hata ya kulia, ndipo tukambeba kwenda hospitali. Muuguzi akampokea, akamchoma. Sindano haijatoka vizuri pajani, mtoto akakata roho.

Niliona kwa macho yangu mawili. Nani angenibishia?

Basi nikasimama hapa nikatoa ushuhuda. Nilisema, "Sindano imemuua mwanangu. Akina mama, mtoto akipata degedege mfungieni ndani, msimpeleke kuchomwa!" Na nyie mkaitikia Amina. Hamkuitikia kwa unyonge. Mliitikia wote, kwaya na wazee, mpaka bati likatetemeka. Nikarudi kukaa nikiwa nimefarijika. Na sikuishia hapa. Nilikwenda kutoa ushuhuda huo huo kwenye foleni ya maji, na kwenye foleni ya sukari pale duka la ushirika. Foleni ilikuwa ndefu siku zile, nami nilikuwa na la kuzungumza.

Ndugu zangu, ulikuwa uongo. Sikujua kwamba ni uongo, lakini uongo haungoji mtu aujue ndipo uue.

Mnakumbuka tulivyoijenga zahanati yetu. Tulijitolea kwa zamu, nyumba kumi kumi, balozi akipuliza filimbi alfajiri. Mie mwenyewe nilibeba matofali kichwani hadi shingo ikagoma kugeuka. Nilishangilia siku ya kuifungua. Na mdomo huo huo uliopiga vigelegele ulikuwa ukiwakataza akina mama kuingia humo na watoto wao! Nilijenga nyumba kwa mikono, nikaifunga kwa ulimi.

Masika ya mwaka jana mtoto wa Mama Stela, Yosia, alipata degedege. Mama Stela yumo humu, amekaa pale karibu na nguzo. Kutoka mlangoni kwake mpaka zahanati, ukibeba ugali wa moto unafika bado unatoa moshi. Hakwenda. Alimfungia ndani siku mbili, na siku ya tatu tukamzika Yosia. Nilikwenda kulala matanga. Akanishika mkono pale mkekani, akaniambia, "Angalau sikumchomesha, dada. Niliyashika maneno yako."

Na mie nilijisikia vizuri! Mungu anisamehe. Niliketi pale na khanga yangu kichwani nikajiona nimemsaidia mwenzangu.

Sasa nije kwa Upendo. Ilikuwa mwezi uliopita, saa nane mchana. Baba yake yuko kazini, mama mkwe amesharudi kwao. Nilikuwa nachambua mchele uani, mtoto amelala kwenye mkeka na joto lake la tangu jana. Nikasikia sauti kama ya mtu anayekoroma. Kugeuka, macho yamepanda juu. Ndugu zangu, nilimwaga mchele wote. Nikamnyakua, nikaingia ndani, nikatia komeo. Mlango ule ule, komeo lile lile! Nikaanza kutafuta makaa.

Jirani yangu Mama Zuhura alinisikia nikilia. Mama Zuhura si wa kanisa hili, yeye ni Mwislamu, hajawahi kukaa kwenye mabenchi haya. Kwa hiyo ile Amina yenu hakuisema, wala haikumfunga. Aliupiga mlango teke. Komeo likang'oka na misumari yake. Hakuniuliza. Alimchukua mtoto mikononi mwangu akatoka mbio, nami nyuma yake, sina viatu, nakimbia napiga kelele, "Nirudishie mwanangu! Watu wa Tandika, anakwenda kumuua mwanangu!" Wanaume waliokuwa wakicheza bao walisimama wakidhani kuna mwizi.

Nilipoingia zahanati, muuguzi Bi Matilda ameshashika sindano. Nikamkamata mkono. Nikamwambia, "Sindano hapana! Nimeshazika mmoja!" Nilingoja matusi. Nimeyazoea matusi ya mahali pale: mnachelewa, mna ushamba, mnaleta maiti tuwafufulie. Bi Matilda hakunitukana. Aliiweka sindano mezani, akasema, "Haya, mama. Simchomi. Tazama mikono yangu."

Akachukua bomba la kioo, lile la kuvutia dawa, halina sindano hata kidogo. Akalivalisha kimpira chembamba kama bua la mchicha. Akavuta dawa yenye harufu kali hadi pua zetu zikawaka. Akamlaza Upendo ubavu, akampaka mafuta, na, Mzee Eliakimu, ziba masikio kama unataka, akampitishia dawa njia ya haja kubwa! Naam, makalioni! Mnaguna? Mungu aliyeyaumba hakuona haya, mie nione haya ya nini? Mnaweza kumfukiza mtoto kinyesi cha tembo mkaimba, lakini neno makalio linawachafulia kanisa!

Akayabana makalio kwa vidole ili dawa isirudi, akatazama saa ya ukutani. Nilianza Baba Yetu. Nikaimaliza, nikaianza tena, nikaimaliza. Nilipokuwa katikati ya mara ya tatu, mkono wa Upendo uliokuwa umefumbwa kama jiwe ukafunguka. Kidole kimoja, kisha kingine. Kifua kikashuka. Mtoto akalala usingizi, usingizi wa kweli wa mtoto mchanga aliyeshiba. Mama Zuhura akakaa sakafuni.

Bi Matilda akanigeukia. "Degedege imelala," akasema. "Lakini malaria bado iko macho kwenye damu, na dawa yake kwa hali hii ni ya sindano. Unasemaje, mama?"

Aliniuliza! Kwa Baraka hakuna aliyeniuliza kitu, si nyumbani wala hospitali. Nikatazama ule mkono wa Upendo uliofunguka. Nikasema, "Mchome." Akamchoma. Na Upendo akalia! Ndugu zangu, kwaya hii haijawahi kuimba wimbo mzuri kama kile kilio.

Walitupeleka hospitali kubwa jioni ile, na baada ya wiki tulirudi zahanati kumwonyesha mtoto. Tulimkuta daktari wa utafiti, ambaye hufika pale kila Jumatano na daftari lake. Akanieleza kwa upole. Mtoto anapotetemeka, mshipa wake haushikiki, unaweza kuhangaika na sindano mpaka muda ukaisha. Tena akina mama wengi wanamtorosha mtoto wakiiona sindano. Kwa hiyo wao wanachunguza njia nyingine, maana utumbo nao unanyonya dawa na kuipeleka kwenye damu. Wanapima ni dakika ngapi, dawa kiasi gani, mtoto wa uzito gani. Akaniomba ruhusa aandike habari za Upendo. Nikampa.

Nilirudi nyumbani nawaka moto. Wenzetu walikaa wakajiuliza dawa ipite wapi. Sie tulikaa tukajiuliza nani ametuloga!

Lakini nao sikuwaacha salama kabla sijaondoka pale zahanati. Nilimwuliza yule daktari, "Mlikuwa wapi miaka mitatu iliyopita?" Akavua miwani akasema, "Tulikuwa tunatafuta, mama." Jibu lile nililichukia na hata leo nalichukia, ingawa najua ni la kweli. Kama mnatafuta, njooni mtuulize tunaogopa nini! Msingoje mpaka jirani avunje mlango.

Halafu nikamweleza Bi Matilda habari za Baraka. Nikasema sindano ilimuua. Akaniuliza, "Degedege ilianza saa ngapi?" Nikasema saa tano. "Mlimfikisha saa ngapi?" Nikasema saa kumi. Akaanza kuhesabu kwa vidole, hakufika mwisho, akaushusha mkono. Akasema, "Mama, sindano ilimkuta mtoto anaondoka."

Ndugu zangu! Kila mtoto tunamshikilia nyumbani mpaka roho iko kooni, ndipo tunampeleka. Akifa, anayekutwa na sindano mkononi ndiye muuaji. Na kifo hicho tunakifanya ushahidi, na ushahidi huo unamfungia ndani mtoto anayefuata. Baraka alimfungia Yosia. Hapana, nisimsingizie marehemu. Mie nilimfungia Yosia. Na nyie mliniitikia.

Siku ya mazishi ya Baraka mliniambia ni mapenzi ya Mungu. Siku ya Yosia mkamwambia Mama Stela hivyo hivyo. Msiseme tena! Mungu hakutia lile komeo. Yalikuwa mapenzi yetu sie, na moshi wetu, na aibu yetu. Mungu alikuwa nje anagonga, na alipoona hatufungui akamtuma Mama Zuhura na teke lake.

Namshukuru Bwana kwa teke lile. Namshukuru kwa bomba la kioo na kimpira chake. Namshukuru kwa akili aliyompa mtu aliyekaa akafikiri kwamba dawa inaweza kumfikia mtoto bila kumtisha mama yake. Naamini ni Yeye aliyeponya, wala simpunguzii sifa. Nawaambieni tu alipitia wapi.

Sasa naomba kitu kimoja. Ule ushuhuda wangu wa miaka mitatu iliyopita naufuta mbele zenu. Nirudishieni ile Amina. Msiitikie haraka haraka kama mlivyozoea. Aliye tayari kumbeba mtoto mwenye degedege saa hiyo hiyo, wa kwake au wa jirani, na kumwacha muuguzi afanye kazi yake, kwa njia yoyote ile dawa itakayopita, huyo ndiye aseme Amina. Asiye tayari anyamaze. Nitauheshimu ukimya wake kuliko ile kelele mliyonipa siku ile.

Mama Stela, dada yangu. Nilikuja kwako Jumanne nikakueleza haya yote kabla ya mtu mwingine. Ulinisikiliza mpaka mwisho, ukainuka, ukafunga mlango. Ni haki yako, na nikakuomba ruhusa nikiwa nje, nawe kupitia mlangoni ukasema niseme. Nimesema. Leo umekuja, na tumbo lako la miezi saba naliona kutoka hapa. Mtoto huyo atazaliwa, Bwana akipenda, na siku moja atapata joto. Siku hiyo njoo nyumba ya tatu kutoka kwenye bomba la maji. Mlango wangu hauna komeo tena, sikulirudisha. Nitambeba mtoto, nitakimbia, sitavaa viatu. Wala huhitaji kuwa umenisamehe ndipo uje.