Kiti cha Kushoto

OPERETA: Mumias, shikilia hapo. Kakamega, ongea sasa. Na muongee haraka, laini ni chache leo.

NAMALWA: Haloo? Haloo! Ni duka la Ayub?

AYUB: Ndilo. Nani mwenzangu?

NAMALWA: Mulembe, shemeji. Ni Namalwa. Mke wa Mukhwana.

AYUB: Mama Mildred! Mulembe, mulembe. Uko wapi—

NAMALWA: Posta, hapa Kakamega mjini. Foleni yote imenipisha. Mjane hajanyolewa, nani anataka kusimama nyuma yake?

AYUB: Bado? Si wazee walisema Jumamosi ingekuwa mwisho?

NAMALWA: Ndiyo nimepiga. Mkeo Hasina hajambo?

AYUB: Hajambo, alhamdulillahi. Jumamosi ilikuwaje?

NAMALWA: Tulienda pale darajani, kabla ya Malava. Pale gari lilipomtupa majini akafa. Kuchukua roho yake, tumlete nyumbani alale kwao.

AYUB: [anahamisha simu sikio la pili]

NAMALWA: Shemeji? Uko?

AYUB: Niko. Laini inakwaruza. Mkamchukua?

NAMALWA: Tulikodi lori. Kiti cha mbele tukakiacha wazi, chake. Mimi nilikaa nyuma na kondoo. Mzee Barnaba, amu yake, akasimama ukingoni akamwita kwa jina: "Mukhwana, toka kwa maji, twende." Kondoo angesimama na kutembea mwenyewe, tungejua amekuja. Kondoo akalala.

AYUB: Labda Mukhwana amekasirika. Lori! Unajua vile alichukia lori.

NAMALWA: [anacheka kidogo] Alichukia kila kitu chenye nafasi. Kale kagari kake tulikokuuzia kanaendeleaje?

AYUB: Kazuri. Nakapanguza kila asubuhi. Pale madigadi yalibonyea, nimegonga, hata huwezi kujua.

NAMALWA: Mimi hako kagari sikukaelewa. Uhuru umekuja juzi tu, mtu amepata kazi ya serikali huko Mumias, watu wanamwona, anaenda kununua gari ya watu wawili. Tena mpya, lakini wameipa sura ya zile za wazungu wa kabla ya vita! Matairi ya spea mgongoni, taa zimetoka nje...

AYUB: "Mpya tumboni, babu usoni." Alisemanga hivyo.

NAMALWA: Nikamwuliza, na mama yako atakaa wapi?

AYUB: Akasema?

NAMALWA: "Hii ndiyo gari pekee Kakamega nzima ambayo haina pa kuweka mjomba."

AYUB: [anacheka sana] Wallahi! Lakini si alisema kweli? Mwenye gari kubwa hana gari, ni dereva wa ukoo. Leo mgonjwa, kesho maiti, kesho kutwa gunia la mahindi na mbuzi juu. Hii, ukimpandisha mtu, umemchagua. Na yeye anajua umemchagua. Nyuma hakuna mtu anakohoa. Sura yake ya zamani inakufanya uende polepole, watoto wapunge mikono, upunge na wewe. Mnaongea. Mimi na Mukhwana tuliongea mambo kwa hiyo gari, hata mke—

NAMALWA: Hata mke hayajui.

AYUB: Sikusema hivyo.

NAMALWA: Ulisema. Mimi alinipeleka kanisani Pasaka. Wewe alikubebanga kila jioni.

AYUB: Mama Mildred...

NAMALWA: Si wivu. Ama ni wivu, sijui. Ngoja nikuulize. Wazee wanasema kondoo akilala, huyo mtu hayuko pale. Ameshabebwa. Kuna mtu alitutangulia akamwita.

AYUB: Nani amwite? Watu wanaogopa lile daraja.

NAMALWA: Mbona Hasina hapandi gari lako?

AYUB: Nani amesema?

NAMALWA: Zuena alikuja sokoni. Anasema dada yake anaona afadhali atembee na kikapu kichwani. Anasema kile kiti cha kushoto asubuhi kinakuwanga na joto.

AYUB: Zuena ana mdomo.

NAMALWA: Kina joto, hakina?

AYUB: [mlango wa duka unafungwa]

NAMALWA: Ayub.

AYUB: Mliponiuzia gari, mlisema nilitoe mwenyewe darajani. Wazee hawakutaka liingie bomani.

NAMALWA: Ndiyo.

AYUB: Nilifika. Limesimama tu ukingoni, kama linangoja. Sasa, mimi nilikuwanga mtu wa kushoto, sivyo? Siku zote. Mkono ukaenda wenyewe, nikafungua mlango wa kushoto. Nikasema kama kila jioni, "Haya, Mukhwana, twende." Mdomo ulisema, mimi sikusema! Halafu nikaona usukani hauna mtu.

NAMALWA: Eh, Nyasaye, Mungu wangu.

AYUB: Nikazunguka, nikaingia kwa dereva. Nikalia pale, sikufichi. Mlango wa kushoto nilikuwa nimeuacha wazi. Ukajifunga.

NAMALWA: Upepo?

AYUB: Hakukuwa na upepo.

NAMALWA: Anaongea?

AYUB: Hapana. Ananisikiliza tu. Sheikh ameniambia ni huzuni, nisome dua, na nasoma. Lakini jioni natoka naye mpaka Matungu, naongea mimi, kwenda na kurudi.

NAMALWA: Mukhwana anasikiliza mtu? Basi kweli amekufa.

AYUB: [anacheka, sauti inakatika] Usiseme hivyo.

NAMALWA: Mlete, shemeji.

AYUB: Mngemwacha kidogo. Hasumbui mtu. Hapa ana—

NAMALWA: Ananisumbua mimi! Mpaka alale kwao, sinyolewi. Siingii nyumba ya mtu, cherehani nimefunika, nani atavaa nguo nimeshona na mikono hii? Mildred anaolewa mavuno yakiisha, nami mama yake siruhusiwi kumshika mkono. Unasikia? Mtoto wangu atatoka nyumbani, mimi nimesimama mbali kama mgeni!

AYUB: Sikujua.

NAMALWA: Hukuuliza.

OPERETA: Kakamega, malizia.

NAMALWA: Namalizia, mama! Shemeji, mlete Lurambi na hilo gari lenu. Usisimame njiani. Akikusimamisha mtu, hata akiwa mgonjwa, usimweke kwa kile kiti. Ukifika langoni, fungua mlango wa kushoto, uite jina lake, umwambie amefika. Mzee Barnaba atakuwa pale. Kondoo yuko.

AYUB: Na kurudi Mumias?

NAMALWA: Nini?

AYUB: Kurudi, Mama Mildred. Nitarudi na nani?

NAMALWA: Na kiti kitupu. Mimi nalala hivyo tangu tupande mahindi.

AYUB: Nisamehe. Nisamehe, mke wa ndugu yangu.

OPERETA: Muda umekwisha, Kakamega. Kuna Kisumu anangoja—

AYUB: Opereta, tafadhali! Mama Mildred, nakuja leo. Jua likiwa bado juu. Lakini nitazungukia Matungu kwanza, unasikia? Kuna maneno sijamwambia. Nilifikiri tuko na siku nyingi—

NAMALWA: Zungukia.

AYUB: Hutakasirika?

NAMALWA: Nitakasirika. Zungukia tu. Hiyo safari moja nawapa. Na shemeji, mwambie Mukhwana kuwa Mildred amechumbi—

OPERETA: Kisumu, ongea sasa.