Kasoki Hatatoa Maua Tena

Mgeni rasmi, Sitwayeni Kamishna, mwananchi mwenzetu mheshimiwa, pamoja na wote mliovuka mto mkafika wakavu: sisi akina mama wachezaji wa Lubunga tunawaamkia kwa furaha iliyotushinda kuificha tangu asubuhi. Mimi Binti, niliyepewa karatasi hii nisome, nimeonywa nisicheke. Nitajitahidi.

KARIBU

Karibu Lubunga. Lituma, ndizi zetu za kupondwa, na samaki umeonja, ngoma umeziona, maua umepokea. Maua hayo yashike vizuri, kwa sababu risala yote inayahusu.

TULIKOTOKA

Sisi ni wakulima wa muhogo. Kila mkubwa anapovuka kuja kwetu, Chama hutuita tucheze, na desturi inataka mtoto wa kike atoe maua. Mtoto huyo ni Kasoki, binti wa mwenzetu mwenye duka la chumvi na sabuni. Wasichana alioanza nao walirefuka, gauni jeupe likawabana, wakaolewa. Kasoki gauni liliendelea kumkaa. Tukafurahi sana, maana kitambaa ni ghali, na Mungu ametupa mtoto asiyemaliza gauni. Hata wewe, mgeni wetu, umepokea maua kwake mwaka baada ya mwaka, na kila mara umeuliza kama ameanza shule.

Sitwayeni Kamishna, Kasoki ana miaka ishirini na miwili. Amemaliza sekondari.

Tunaomba mgeni rasmi apewe maji.

TULICHOJIFUNZA

Daktari Mbusa alipima damu yake, akatukusanya chini ya paa la kivuko na kutueleza. Ndani ya kila chembe ya mwili kuna nyuzi ndogo ziitwazo kromosomu. Mwanamke kwa kawaida ana mbili za aina ya X. Kasoki ana moja tu. Ndiyo maana hakurefuka wala kupevuka. Hakurogwa, na mama yake hakula kitu kibaya. Bibi mmoja aliuliza kama hiyo ya pili inapatikana sokoni Makiso. Tulicheka mpaka daktari naye akaketi.

Kumbe uzi huo unagusa hata ubongo unavyokua. Akili Kasoki anayo tele: wimbo akiusikia mara moja, anao wote, na sisi wenye vichwa vizito anatufundisha. Lakini kushoto na kulia, ramani, na hesabu za maumbo humchanganya. Siku tulipojipanga uwanjani kuandika jina la Chama kwa miili yetu, yeye alikwenda upande wake, na herufi moja ikaota mkia. Tulidhani ni utundu.

TAABU

Hapa sicheki. Nyuso za watu humpa kazi kuzisoma, na wasiwasi humshika upesi. Daktari anasema walio kama yeye huelekea huko, na kupapaswa kichwa na kila mpita njia kunaongeza mzigo. Mwaka jana aliacha kula, akajifungia ndani. Tulikuwa tunampelekea vikaragosi vya kuchezea. Mwisho alifungua mlango akatuambia: "Bamama, miye siko mutoto. Niko mwanamuke mufupi."

Tuliona haya, kisha tukamkumbatia wote kwa pamoja mpaka akalalamika kuwa hapumui.

Sasa anataka kuwa mwalimu. Mkuu wa shule ya walimu alimtazama mlangoni, akamwelekeza kwenye shule ya watoto, ng'ambo ya barabara. Masomo yanaanza Jumatatu.

MAOMBI

Tunaomba neno lako kwa mkuu huyo, ampime Kasoki kwa kichwa chake badala ya kimo chake. Tunaomba dawa za kumpevusha, alizoandika daktari, zifike hospitali yetu. Barabara hatuombi, ya mwaka jana uliyotuahidi bado tunaingoja.

Na la mwisho halipo kwenye karatasi. Leo ulipopokea maua, ulimpapasa shavu ukampa pipi. Ameihifadhi; anasema umpelekee mwanao. Gauni jeupe ameshalivua. Yule anayekuja kutoka nyuma ya ngoma, mwenye liputa jipya, vazi la kitenge la wanawake wazima, tulilomshonea sisi, ni yeye. Maua hana. Ametoa mkono.

Tafadhali simama, mgeni rasmi, umsalimie kama unavyosalimia mama wa watu.

Mungu akulinde majini na nchi kavu, na akurudishe kwetu ukiwa na jibu.

Ni sisi,
Akina Mama Wachezaji wa Lubunga, pamoja na mwenzetu mpya, Kasoki mwenyewe, ambaye tangu leo tunamwita Mama Kasoki.